Shangazi Dhidi ya Jamhuri

Swali lililonikera kuliko yote katika miaka yangu ya kuandika liliulizwa na mtu nisiyemjua, kwenye ukurasa wa majadiliano wa kamusi elezo ya mtandaoni: umuhimu wa kesi hii ni upi? Nililisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda, ndani ya duka la intaneti pale Utemini, mjini Singida. Nikajibu kimoyomoyo maneno ambayo mwalimu wa uraia hapaswi kuyajua. Kisha nikavuta pumzi, nikaandika kwa adabu kwamba kesi hii imetajwa katika hukumu nyingine kadhaa, tafadhali tazama vyanzo chini ya makala. Nilipobonyeza kuhifadhi, umeme ukakatika.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya jioni miaka ile. Viwanda na mashirika ya umma yalikuwa yameshauzwa au yalikuwa mbioni kuuzwa, minara ya simu ilikuwa inaota juu ya mawe ya Singida, na wanafunzi wangu walisoma kila kitu kwenye simu isipokuwa nilichowafundisha. Waliamini kabisa kwamba mahakama ni chumba cha nyuma cha kituo cha polisi. Nikasema basi, nitawafuata hukohuko kwenye simu. Nikaanza kuandika makala za kesi kwa Kiswahili: kesi ya kiwanja, kesi ya mirathi, kesi ya mfanyakazi aliyeachishwa shirika lake lilipobinafsishwa. Nilichukua hukumu ndefu za Kiingereza, nikazikamua hadi zikatoka aya nne ambazo mtu wa kawaida angezielewa. Hakuna aliyenituma. Mke wangu alisema ninawaandikia watu wasiokuwepo, na siku nyingine nilimwona ana haki.

Makala ile iliyoulizwa umuhimu wake ilikuwa ya kesi ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Aliishi kijijini kwetu, pembeni ya njia ya kwenda Nduguti. Zamani, soko la alizeti lilipoachwa wazi kwa kila mwenye gunia lake, wanawake wa kijiji waliunda kikundi wakapata mashine ya kukamua mafuta. Kilikuwa chuma kizito cha kusukuma kwa mikono, na kukinyanyua kulihitaji wanaume wanne walioshiba. Wakakiweka kwenye ghala dogo la kikundi, ufunguo wakampa shangazi. Yeye akautundika kwenye msumari jikoni kwake, jiko la nyasi lisilo na mlango. Aliyetaka kukamua alipita, akapiga hodi, akauchukua, akaurudisha. Shangazi akiwa shambani, waliuchukua vilevile. Ndivyo tulivyoishi.

Asubuhi moja wakakuta mashine haipo, ilhali kufuli liko mlangoni, halijavunjwa. Polisi wakauliza ufunguo anao nani, wakaambiwa, na upelelezi ukaishia hapo. Mahakama ya wilaya ikamtia hatiani. Alikaa gerezani msimu mzima wa kilimo, mpaka wakili mmoja wa kujitolea alipokata rufaa na Mahakama Kuu ikamwachia huru. Mashine yenyewe haikuonekana tena mpaka leo. Na kwa kuwa mrufani alikuwa yeye, kesi ikaandikwa kwa jina lake, halafu maneno "dhidi ya Jamhuri". Kijijini waliposikia hivyo, wapo waliodhani alikuwa anataka kupindua serikali.

Kwa wanasheria hukumu ile ilikuwa na uzito. Jaji alieleza kwamba mtu kukabidhiwa ufunguo hakumfanyi mwizi, ikiwa mazoea ya mahali pale yalimruhusu kila mtu kuuchukua. Alizungumzia hata ule msumari. Baadaye majaji wengine waliitaja hukumu hiyo walipoletewa walinzi na watunza stoo walioshtakiwa kwa sababu ya funguo. Lakini kijijini kwetu haikuitwa hukumu. Iliitwa "ile habari ya mashine", na ilisemwa kwa sauti ya chini shangazi akipita.

Ningeweza kuiacha hivyo. Lakini kijiji kilichimbiwa kisima kirefu, kikajengewa kibanda cha pampu, na ikatakiwa mkutano wa kijiji umchague mtunza ufunguo. Shangazi akasema anaitaka kazi hiyo. Hakuwa na shida ya kazi. Alikuwa mzee, ana kuku wake, ana shamba lake, magoti yanamsumbua. Alinieleza wazi nilipokwenda kumsalimia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mimi nataka wanipe ufunguo. Wakishanipa, nife hata kesho."

"Kwani kuna mtu amekataa?"

"Hawakatai. Wanacheka. Wanasema, ufunguo tena?"

Maneno hayo mawili, "ufunguo tena", yalinichoma. Nikarudi mjini nikaandika makala yake kwa siku chache tu, kwa hasira. Niliwaza hivi: vijana wanaamini mtandao kuliko wanavyomwamini mzazi, na viongozi siku hizi wanaamini mtandao kuliko vijana. Hukumu ikiwa pale, kwa Kiswahili, na vyanzo chini yake, nani atacheka?

Nilimpelekea shangazi nakala nikamsomea, tumekaa nje ya jiko lake anachambua mbegu. Nilipofika kwenye maneno ya jaji kuhusu msumari akaacha kuchambua.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Jaji alisema hivyo?"

"Ndiyo, shangazi. Wewe si ulikuwepo mahakamani?"

"Nilikuwepo. Nilisikia Kiingereza kirefu, halafu mkalimani akaniambia mama, uko huru, nenda." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kumbe jaji alijua mpaka msumari. Rudia tena."

Nilirudia mara kadhaa. Miaka yote hiyo mama huyu alikuwa ameshinda kesi bila kujua ameshinda kwa sababu gani. Nilikasirika upya, safari hii na watu wote kwa pamoja: mkalimani, wakili, baba yangu marehemu, na mimi niliyesoma Kiingereza chote kile nikakitumia kuwasahihishia watoto madaftari.

Sasa ndipo nikapambana na wahariri. Kamusi ile huandikwa na yeyote na kuhaririwa na yeyote, na kwa Kiswahili wahariri wenyewe walikuwa wachache, wengi wakiishi mbali na sisi. Mmoja ndiye aliyenishika koo. Kwanza aliuliza umuhimu. Nikajibu. Akataka vyanzo. Nikampa hukumu. Akasema hukumu ni chanzo cha msingi, anataka mtu mwingine aliyeandika kuhusu hukumu hiyo. Nikampa makala ya jarida la sheria. Akauliza kama nina uhusiano wowote na mhusika. Mimi, kwa ujinga wa kufundisha uraia, nikasema kweli: ni shangazi yangu. Basi akabandika juu ya makala tangazo la rangi ya chungwa kwamba huenda imeandikwa na mtu mwenye masilahi. Nilimuuliza ni nani mwingine duniani angeketi kwenye kiti kibovu pale Utemini kumwandikia shangazi yangu makala, ikiwa si mtoto wa kaka yake. Akanijibu kwamba lugha yangu si ya kirafiki.

Ndugu nao hawakuniacha. Baba mdogo alitaka itajwe kwamba ni yeye aliyempelekea shangazi chakula gerezani. Binamu alitaka iandikwe mashine iliibwa na nani, na jina akanitajia, bila ushahidi wowote. Nilipomwambia hatuandiki tuhuma za namna hiyo, akaniuliza sasa faida ya kuandika ni nini. Mbele kuna mtu anataka chanzo cha kila nukta, nyuma kuna watu wanaotaka niandike kila walichosikia sokoni. Nilichoka. Nikasahihisha mara ya mwisho, nikafunga, nikaingia kusahihisha mitihani ya muhula, na kwa wiki kadhaa sikuigusa kamusi.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilisafiri kwenda. Madawati yalikuwa yametolewa nje, na shangazi alivaa kitenge kipya na kukaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Majina ya waliotaka kutunza ufunguo yalikuwa mawili, lake na la mzee mmoja mwenye duka. Mwenyekiti alipotaka watu wanyooshe mikono, mtendaji wa kijiji akasimama. Alikuwa kijana mgeni, hajamaliza hata mwaka pale, na mkononi alikuwa na karatasi iliyochapwa.

"Ndugu wananchi," akasema, "mimi ni mgeni. Nimeambiwa mama huyu aliwahi kuwa na kesi. Sikutaka maneno ya barabarani. Nimekwenda mjini nikatafuta mwenyewe kwenye mtandao, na nimechapa."

Moyo wangu ukafurahi, nasema kweli. Nikaona kazi yangu imefika ilipokusudiwa. Akasoma aya ya kwanza, yangu. Akasoma ya pili, yangu. Nikamwangalia shangazi, naye ameinua kidevu anasubiri msumari. Kisha mtendaji akasoma: "Inadaiwa kwamba mashine hiyo iliondolewa ghalani na mshtakiwa mwenyewe, na kwamba aliendelea kuitumia nyumbani kwake."

Shangazi akageuka akanitazama. Sitasahau alivyonitazama.

Nikasimama haraka mpaka dawati likaanguka. "Mtendaji, makala hiyo nimeandika mimi. Sentensi hiyo siyo yangu!"

"Mwalimu," akasema kwa upole, "wewe ni mtoto wa kaka yake. Utasema nini kingine?"

Watu wakacheka. Nilihisi nimerudi Utemini mbele ya lile tangazo la chungwa. Nikaanza kueleza habari za wahariri, historia ya ukurasa, chanzo cha msingi na chanzo cha pili, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayeficha kitu. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Mwenye duka alikuwa tayari anatikisa kichwa kwa masikitiko ya mshindi.

Ndipo mtani wetu akainuka kutoka nyuma. Ni Msukuma aliyekuja kijijini zamani na ng'ombe wa baba yake, akaoa hapa. Kwa utani wa makabila yetu mawili, yeye na shangazi wanaitana mtumwa. Akipita kwake anaweza kubeba kuku bila kuomba, na shangazi anaweza kumvua kofia mbele ya wakwe zake, na hakuna wa kukasirika. Mtani akipiga kelele msibani kwamba marehemu alikuwa mchoyo, wafiwa hucheka huku wanalia.

"Subiri kwanza!" akasema. "Hiyo ya kubeba mashine ni ya kwangu. Lakini mmeiharibu! Kanga iko wapi?"

"Kanga gani?" akauliza mtendaji.

"Mimi niliandika kwamba huyu mtumwa wangu alitoroka na mashine kaifunga mgongoni kwa kanga, anaibembeleza isilie. Na kwamba mpaka leo inalala chini ya kitanda chake, na ikiamka inaomba uji. Uji uko wapi hapo kwenye karatasi?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Akina mama waliokuwepo siku za mashine walishikana mabega. Mtani akaeleza: siku ya mnada aliingia duka la intaneti mjini, akaonyeshwa makala ya mtumwa wake, akaona juu yake neno "hariri". Akaona kumbe kila mtu anaruhusiwa kuchangia. Sasa mambo ya mtumwa wake yamewekwa hadharani kwa heshima namna ile, na yeye mtani apite kimya? Ingekuwa aibu. Akamwomba dada wa duka amwandikie.

"Mtendaji, wewe ni mgeni, nakusamehe," akamalizia. "Tafuta mashine kama ile, ifunge mgongoni, tembea nayo mpaka hapo barabarani tu. Ukifika nitakubali mwizi ni yeye." Kisha akabadilisha sauti. "Mimi ndiye niliyemlimia shamba alipokuwa ndani. Ningemlimia mwizi?"

Shangazi akainuka kwa shida, akiegemea dawati. "Ulinilimia vibaya," akasema. "Matuta yamepinda mpaka leo."

Watu wakacheka tena, na safari hii alicheka nao. Mikono iliponyooshwa kwa jina la shangazi, mwenye duka aliyekuwa anatikisa kichwa akanyoosha na wa kwake. Mtendaji akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akaenda kumwamkia shangazi na kumkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Mimi nilimfuata mtani nikiwa sijui nimkabe au nimkumbatie. Nikamwambia amekaribia kumwangamiza shangazi. Akashangaa kwa dhati. Akasema, "Nani hapa asiyejua utani?"

Nilimjua mmoja. Jumatatu nikawa Utemini, nikafungua historia ya ukurasa, na yote yakawa wazi. Mtani alikuwa ameandika kama alivyosema, pamoja na uji. Siku iliyofuata mhariri wangu wa mbali alipita. Angefuta upuuzi ule kwa kubonyeza mara moja, yakaisha. Yeye akausafisha. Aliondoa kanga kwa kuwa haikuwa lugha ya kamusi, akaondoa kubembeleza, akaondoa uji, akaongeza "inadaiwa", na pembeni kwa herufi ndogo akaweka "chanzo kinahitajika". Alikuwa ameupiga pasi utani mpaka ukawa tuhuma. Na aliyefanya hivyo ni mtu yuleyule aliyenikatalia hukumu ya Mahakama Kuu kwa kuwa ni chanzo cha msingi!

Nilifuta sentensi. Akairudisha. Nilifuta tena. Akairudisha, akafunga ukurasa kwa muda ili kulinda usawa, akanikumbusha kwamba mimi ni ndugu wa mhusika. Nikamwandikia maelezo marefu: utani ni nini, nani ni mtani wa nani, kwa nini sentensi ile kwetu si habari bali salamu. Nikamweleza mkutano wa kijiji ulivyokwisha. Akanijibu kwamba mkutano wa kijiji si chanzo kinachoaminika, na kuhusu huo utani, je, ninaweza kumpatia kiungo?

Nilitoka nje ya duka nikasimama kwenye jua mpaka nikatulia.

Miezi ikapita ndipo mhariri mwingine akapita kwa haraka zake. Alifuta sentensi ya mashine kwa kukosa chanzo. Nilitaka kushangilia, kisha nikaona amefuta na aya inayofuata, ile ya ufunguo na msumari, kwa maelezo kwamba inaingia mno katika mambo madogo. Kilichobaki ni mistari mitatu: alishtakiwa, alitiwa hatiani, aliachiwa kwa rufaa. Nimejaribu kuirudisha aya ile. Imefutwa tena. Siku hizi ninaandika kesi za watu nisiowajua, na hakuna anayeniuliza chochote.

Likizo iliyofuata nilikwenda kijijini. Asubuhi akina mama walikuwa wameshapanga ndoo zao kwenye kibanda cha pampu, na nilimkuta shangazi jikoni anajikanda magoti. Nikautafuta ufunguo kwa macho pale nilipouzoea. Msumari ulikuwepo palepale. Juu yake palikuwa pametundikwa chujio la chai.

"Shangazi, nipe ufunguo nikawafungulie. Wewe pumzika."

Akaingiza mkono ndani ya blauzi akavuta uzi mweusi, ufunguo ukatokeza. Hakuuvua.

"Hapana, mwanangu. Twende wote."

"Lakini shangazi, ule wa msumari haukuwa kosa. Nilikusomea. Jaji alisema."

"Jaji alisema," akajibu, anatafuta kandambili zake kwa mguu. "Mimi ndiye niliyelala ndani."

Tukaenda polepole, ameshika mkono wangu, mpaka kwenye kibanda. Akina mama wakamwamkia, akawaitikia. Aliinama akafungua kufuli bila kuvua uzi shingoni, na kabla maji hayajaanza kutoka alikuwa ameshaurudisha ufunguo ndani ya nguo.